Namna ya Kusoma Washairi wa Kale wa Marekani Ukiwa Ufukweni mwa Ziwa

Kama umewahi kuimba "Usinipite Mwokozi", iwe kanisani, msibani au jikoni ukisonga ugali, umekwisha kuimba shairi la Kimarekani la karne ya 19. Alilitunga Fanny Crosby mwaka 1868, mama wa jimbo la New York aliyepofuka akiwa mtoto mchanga na aliyetunga nyimbo za dini kwa maelfu. Naanza na huyu kwa kuwa kila nikitaja washairi wa Marekani hapa Igombe, ufukweni mwa Ziwa Victoria mkoani Mwanza, hakosi kijana wa kuguna kwamba hayo ni mambo ya chuo kikuu. Namwomba aimbe ubeti wa kwanza. Anauimba wote bila kitabu, na akina mama waliokaa pembeni wanampokea kwenye kiitikio.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, na jioni nafundisha kwaya. Kikundi chetu cha kusoma mashairi hukaa mchangani, karibu na mitumbwi: wavuvi, akina mama wa dagaa, wanafunzi, Wakristo kwa Waislamu. Nayaandika haya kwa mwalimu mwenzangu au kiongozi wa vijana aliyeko Kayenze, Luchelele, Musoma au Bukoba anayetaka kuanzisha kama hiki. Washairi wale walikuwa na mwendo wao: wanatazama kiumbe, ndege au ua, wanauona mkono wa Mungu, kisha wanajiuliza binadamu aishije. Wengi wetu tukisoma tunaishia kwenye ndege na Mungu, tunasema amina, tunaondoka. Mimi nasisitiza twende hadi kwa binadamu, na kila shairi tulipime mbele ya ziwa letu hili linalotulisha na kutuua.

Kuhusu siku, fuata mwezi. Wavuvi wa dagaa huingia ziwani usiku wa giza, maana taa zao ndizo zinazowavuta dagaa. Mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi hupumzika na watu hushona nyavu. Hapo ndipo utawapata. Mchana usijaribu. Upepo wa ziwani utakunyang'anya karatasi, na akina mama wana dagaa juani wa kugeuza na kulinda wasiliwe na ndege. Anza saa kumi na moja na nusu jioni, upepo unapolegea. Chapa mashairi kwa herufi kubwa, kwa sababu huku kwetu jua likishazama giza halichelewi. Hakimiliki isikutie wasiwasi: watunzi wote ninaowataja walifariki zaidi ya miaka 100 iliyopita, na mashairi yao yapo mtandaoni bure.

Mmoja asome Kiingereza polepole, shairi zima. Mwingine alisimulie kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, kama anavyosimulia habari ya jirani. Kisha lisomwe tena kwa Kiingereza, na safari hii hata mzee asiyejua neno la Kiingereza atakuwa anajua lilipofika. Mashairi manne au matano yanatosha kwa msimu mzima.

La kwanza liwe "To a Waterfowl" la William Cullen Bryant. Kabla ya kulisoma waeleze lilikotoka. Ni Desemba 1815, jimbo la Massachusetts. Bryant ana miaka 21, ndiyo kwanza amepata ruhusa ya kufanya kazi ya uwakili, na anatembea kwa miguu kutoka kwao Cummington kwenda Plainfield kutafuta pa kuanzia kazi. Kesho yake haijui. Jua linazama, anga limekuwa jekundu, na ndege mmoja wa majini anapita peke yake mpaka anapotelea kwenye upeo. Vijana wangu wenye vyeti kwenye bahasha hawahitaji maelezo zaidi.

Sasa wekeni karatasi chini, mtazame ziwa. Jioni mnandi hurudi kwenda kulala visiwani, safu baada ya safu, chini kabisa karibu na maji, shingo zimenyooka. Waambie watu wasitazame safu. Watafute aliyeachwa nyuma. Mara nyingi yupo, mmoja anayepiga mbawa peke yake wakati wenzake wamekwisha kuwa mstari mweusi kwa mbali. Akionekana, anza kusoma hapo hapo. Shairi lina beti 8 za mistari minne. Mstari wa kwanza na wa nne una mizani 6, ya katikati mizani 10. Waliozoea kuhesabu mizani za Kiswahili wataihesabu kwa vidole na kufurahi, na waache wafurahi, kwa sababu atakayeihesabu hatakimbiza usomaji.

Bryant anamuuliza ndege: waenda wapi? Ukingo wa ziwa lenye magugu, kando ya mto mpana, au pwani ambako mawimbi hupanda na kushuka? Kwenye ziwa lenye magugu usiwe na haraka. Gugu maji liko mbele yenu, limezinga mitumbwi, na kila mvuvi ana la kusema juu yake. Mshairi anamtaja pia mwindaji ambaye jicho lake lingemfuata ndege huyo kwa mbali kwenye wekundu wa anga ili amdhuru, ingawa anasema lingemfuata bure. Wasomaji wengi huuruka ubeti huo. Usiuruke. Bryant hakusahau kwamba duniani kuna mwenye bunduki. Alilitia jambo hilo mapema, kabla hajazungumza habari za Mungu.

Ndipo unakuja ubeti wa nne: ipo Nguvu ambayo uangalizi wake humfundisha ndege njia mahali pasipo na njia, akiwa mpweke bali hajapotea. Hapa kwetu kijana mmoja aliyelelewa madrasa alisema papo hapo, "Mwalimu, hii tunayo kwenye Surat al-Mulk," akatusomea aya ya 19, ndege wakizikunjua na kuzikunja mbawa zao na hakuna anayewashikilia ila Mwingi wa Rehema. Wakristo nao wakaleta Mathayo 6, ndege wa angani wasiopanda wala kuvuna. Mambo yakikutana hivyo, kaa pembeni. Kiongozi anayedaka kila neno alitie ufafanuzi anauua mkutano.

Ubeti wa mwisho Bryant anajigeukia mwenyewe: Yeye anayemwongoza ndege kutoka pembe moja ya dunia hadi nyingine atainyoosha na miguu yangu katika njia ndefu nitakayoipita peke yangu. Ni ubeti mzuri sana, na wengi wangependa kufunga hapo kwa sala. Msifunge. Jioni moja mama mmoja anayeanika dagaa, ambaye mumewe alichukuliwa na dhoruba upande wa Ukerewe, alisikiliza hadi mwisho kisha akauliza: "Mwalimu, ndege kaongozwa. Baba watoto je?" Kijana akataka kumjibu haraka kwa andiko. Nilimwomba anyamaze, na tangu siku ile ni sheria kwetu: aliyefiwa hajibiwi kwa ubeti, wala kwa aya. Mtu anasogea karibu naye, basi.

Kwa sababu ya swali kama lile, shairi la pili lazima liwe la Emily Dickinson. Bryant peke yake hatoshi ufukweni. Dickinson naye ni wa Massachusetts, mji wa Amherst, alizaliwa 1830 akafariki 1886. Aliandika mashairi yanayokaribia 1,800, na yaliyochapishwa akiwa hai ni kama kumi tu. Kitabu cha kwanza kilitoka 1890, mwenyewe yuko kaburini. Alikulia katikati ya watu wa kanisa na hakulipokea kila alichoambiwa. Chukua lile linaloanza "Apparently with no surprise", mistari 8 tu. Ua linacheza kwa furaha, jalidi, yaani umande ulioganda kwa baridi, linalikata kichwa, kwa bahati tu ya nguvu zake, ua halishangai, muuaji mweupe anajiendea zake, na jua linasonga bila kutikisika, likipima siku nyingine mbele ya Mungu anayeridhia.

Jalidi huku hatuna, kwa hiyo mtafute mtu aliyewahi kuishi Makete au Njombe, aeleze jinsi viazi vinavyoungua kwa baridi ya alfajiri. Halafu kaeni na lile neno la mwisho, kuridhia. Wapo watakaoliona ni kufuru. Wapo watakaoliona ni kilio cha mtu anayemwamini Mungu kiasi cha kumuuliza usoni, kama Ayubu, na mimi nipo upande huo. Lakini usiwalazimishe wakufuate. Hapa Mwanza tunao watu walioiona asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama, na makaburi ya Igoma tunayapita kila tukitoka mjini kwa barabara ya Musoma. Hakuna haja ya kuwaeleza watu hawa kwamba jua lilichomoza siku iliyofuata. Wanajua. Yule mama wa dagaa aliomba shairi hilo lisomwe mara ya pili, na akalikunja karatasi lake akaenda nalo.

Ukishasoma hilo, usiwaache hapo. Mpe nafasi Dickinson yule yule aseme upande wake wa pili, katika "I never saw a moor". Beti mbili, mizani 6, 6, 8, 6, zile zile za nyimbo nyingi za ibada. Watu wa kwaya wataanza kulitafutia sauti wenyewe, na wape ruhusa. Anasema hajawahi kuiona nyika ya vichaka vya nchi za baridi, hajawahi kuiona bahari, ila anajua kichaka kinavyokuwa na wimbi linavyokuwa. Hajawahi kuzungumza na Mungu wala kufika mbinguni, ila mahali penyewe ana uhakika napo kama aliyepewa ramani. Wapo wavuvi wazima hapa Igombe ambao hawajaiona Bahari ya Hindi, na mawimbi wanayajua kuliko yeyote. Waulize: wewe una uhakika na nini ambacho hujakiona? Nimesikia hapo ushuhuda ambao kanisani hausemwi, kwa sababu kule mtu anategemewa aseme anachojua kila mtu.

Ralph Waldo Emerson nitampita haraka. Alikuwa mchungaji mjini Boston, akaacha kazi hiyo 1832, na mengi aliyoyaandika ni ya watu wenye nafasi ya kukaa na kutafakari. Lakini "The Rhodora" ni fupi na linafaa mkiwa karibu na yungiyungi. Ua limechanua mahali pasipo na mtu wa kulitazama; Emerson anasema uzuri hauhitaji sababu nyingine ya kuwapo, na kwamba Nguvu iliyomleta yeye pale ndiyo iliyolileta ua. Henry Wadsworth Longfellow naye ana "A Psalm of Life" la 1838, ambalo shule nyingi zimelikaririsha. Kwa maoni yangu linahimiza mno na halitazami kitu chochote. Badala yake soma "The Village Blacksmith". Fundi mhunzi chini ya mti mkubwa, jasho halali usoni, anamtazama kila mtu machoni kwa sababu hana deni la yeyote. Jumapili anamsikia binti yake akiimba kwaya, sauti inamkumbusha marehemu mkewe, na anafuta chozi kwa mkono wake mgumu. Mbele ya watu wa mikono migumu, huo mstari wa mkono usisomwe kwa kukimbia.

John Greenleaf Whittier ndiye ninayempenda kuliko wote. Nitakwambia sababu. Alizaliwa 1807 shambani huko Haverhill, Massachusetts, katika jamii ya Wakweka, Wakristo wanaoabudu kwa ukimya. Mwaka 1872 aliandika shairi refu, "The Brewing of Soma", juu ya watu wanaokunywa kileo ili wapandwe na roho, na mwishoni akageuka kuomba msamaha kwa ajili ya watu wa dini yake mwenyewe wanaotafuta Mungu kwa kelele na kupagawa. Beti zile za mwisho zikafanywa wimbo wa ibada unaoimbwa hadi leo, "Dear Lord and Father of Mankind". Ndani yake kuna Galilaya: watu wa kando ya maji wanaisikia sauti ya Bwana, wanainuka na kumfuata bila kusema neno.

Anza kwa kuwakumbusha kwamba Galilaya ni ziwa. Petro na Andrea walikuwa wavuvi wa maji baridi, watu wa nyavu na mitumbwi, na waliokuwa wakitupa nyavu usiku kama wanavyofanya hawa mlio nao. Kisha uliza swali gumu: kuinuka na kufuata bila neno, kwa mvuvi mwenye mkopo wa injini, maana yake nini? Usilijibu wewe. Na tegemea ubishi kuhusu kelele, kwa kuwa wengi wetu tunaabudu kwa ngoma na vipaza sauti na tunamwona Mungu humo humo. Sisi Wasukuma tunazo pia nyimbo za wigashe, ambazo watu huimba wamekaa, kwa hiyo utulivu si kitu kigeni kwetu. Ubishi huo uache uende mpaka uchoke wenyewe.

Lakini Whittier asisomwe bila maisha yake, maana kwake binadamu ndiye alikuwa jambo zito. Alisaini tamko la kuanzisha chama cha kupinga utumwa mjini Philadelphia mwaka 1833. Mwaka 1838 genge la watu lilichoma moto Pennsylvania Hall, jengo lililokuwa na ofisi ya gazeti lake la kupinga utumwa, na hakuacha. Utumwa ulifutwa nchini kwake 1865, miaka minane kabla soko la watumwa la Unguja halijafungwa, 1873. Ukisoma tarehe hizo kwa sauti ufukweni, wazee wanaanza kuhesabu vizazi.

Na hapo hapo umlete Frances Ellen Watkins Harper. Usimwache, hata kama orodha za vitabu vingi humwacha. Alizaliwa Baltimore 1825, mwanamke mweusi aliyezaliwa huru katika jimbo la utumwa, akazunguka miji kuhutubia na kusoma mashairi yake. "Bury Me in a Free Land", la 1858, linasema: nizikeni popote mtakapo, bondeni au kilimani, hata kati ya makaburi ya watu wa chini kabisa, ila si katika nchi ambamo watu ni watumwa. Hatalala akisikia mnyororo, wala mama akilia kwa mtoto aliyenyang'anywa. Hataki mnara. Shairi hili lina bonde na kilima, lina imani, na halimwachi msikilizaji ajifariji kwa uzuri wa kilima huku jirani yake amefungwa. Baada ya kulisoma kikundi chetu kilizungumza, bila mimi kuchokoza, habari za watoto wanaotumikishwa kwenye mitumbwi badala ya kuwa shuleni. Mzee mmoja mwenye mitumbwi alikuwepo. Wiki zilizofuata tulichanga tukanunua madaftari, na yeye akachanga. Ndiyo maana nang'ang'ania kufika kwa binadamu.

La mwisho wa msimu lifanyie majini. Panda nao kivuko cha Kamanga, jioni, mkiwa na "Crossing Brooklyn Ferry" la Walt Whitman. Alilichapisha 1856, enzi ambazo watu wa Brooklyn walivuka kwa kivuko kwenda Manhattan kila siku ya kazi. Daraja la kwanza kati ya miji hiyo lilifunguliwa 1883. Mwanza inaelewa jambo hili kuliko miji mingi, kwa sababu Kigongo na Busisi tulivuka kwa kivuko miaka yote hadi daraja lilipofunguliwa Juni 2025. Shairi ni refu, lina sehemu tisa, kwa hiyo someni ya kwanza, ya tatu na ya sita. Whitman anawatazama abiria, mawimbi, na ndege wanaoelea juu bila kupiga mbawa, kisha anazungumza na watu watakaovuka miaka 50 baadaye, miaka 100 baadaye, watakaoliona jua hilo hilo likiwa limebakiza nusu saa. Anayesema naye ni wewe uliyeshika reli ya kivuko na mfuko wa sato miguuni.

Sehemu ya sita ndiyo ya kusoma kwa sauti ya juu, kwa kuwa injini inapiga kelele na maneno yenyewe ni mazito. Anakiri kwamba madoa ya giza hayakukuangukia wewe peke yako. Na yeye alisema uongo, aliiba, alikuwa na kinyongo, alitamani asivyothubutu kusema. Hasemi binadamu ni mwema kwa kuwa hana kosa. Anasema tumo katika chombo kimoja. Na mtu huyu huyu, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipopiganwa, alikaa Washington akizunguka wodi za majeruhi, akiwaandikia barua wasioweza kushika kalamu na kukaa na waliokuwa wakikata roho.

Omba ruhusa kwa wahudumu wa kivuko kabla hamjaanza; hawajawahi kutukatalia, na mara nyingine abiria wasiotujua wamesogea kusikiliza. Kila mtu avae jaketi la kujiokolea hata kama maji yametulia. Mkifika Kamanga msitawanyike: rudini na kivuko hicho hicho, na safari ya kurudi asome yule ambaye hajawahi kusoma mbele za watu.